Elektroni Inapoigonga Atomi: Somo la Taa ya Tyubu

Maji ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, linalopakana na wilaya ya Mwanga, huzungusha mitambo yenye uwezo wa megawati 8, na umeme wake huingia katika gridi ya Taifa. Darasani, swichi inapobonyezwa, taa ya tyubu hupepesa mara mbili au tatu, kisha huwaka. Hata hivyo, hapana waya uunganishao ncha mbili za tyubu hiyo. Katikati mna gesi tu, na gesi kwa kawaida haipitishi umeme. Je, umeme hupitaje?

Nishati ya kung'oa elektroni

Atomi ina kiini chenye chaji chanya na elektroni zenye chaji hasi. Chaji hizo hulingana. Kwa hiyo atomi nzima haina chaji. Ili atomi igeuke kuwa ioni, sharti elektroni yake moja ing'olewe, na kazi hiyo yahitaji nishati maalumu. Nishati hiyo hupimwa kwa elektronivolti, yaani nishati ambayo elektroni hupata inapopita katika tofauti ya volti 1. Atomi ya haidrojeni, yenye elektroni moja tu, huhitaji elektronivolti 13.6, ya heli 24.6; ya zebaki 10.4.

Elektroni ijayo na elektronivolti 10 haiwezi kuigeuza kuwa ioni atomi ya haidrojeni iliyotulia. Ijayo na 20 yaweza: 13.6 hutumika kung'oa, na 6.4 zilizosalia hugawanywa baina ya elektroni mbili ziondokazo.

Lakini kuweza si kufaulu kila mara. Nishati inapozidi kiwango hicho, uwezekano wa kung'oa huongezeka, na kwa haidrojeni hufikia kilele kwenye elektronivolti 50 hadi 60 hivi. Baada ya hapo hupungua, kwani elektroni iendayo kasi mno hukaa karibu na atomi kwa muda mfupi tu, kama mpita njia akimbiaye asiyepata nafasi ya kusalimu.

Kosa lililofundisha

Mwaka 1914, mjini Berlin, James Franck na Gustav Hertz walipitisha elektroni katika mvuke wa zebaki. Waliona kwamba elektroni zilipofikia elektronivolti 4.9 zilipoteza nishati hiyo ghafla. Wakadhani wamepata nishati ya kung'oa elektroni. Sivyo. Mwaka 1915 Niels Bohr alitoa maelezo mengine: atomi ilikuwa imesisimka tu, yaani elektroni yake imepandishwa ngazi bila kutoka. Ishukapo tena, hutoa mnururisho wa urujuanimno. Jaribio hilo liliwapatia Franck na Hertz Tuzo ya Nobel ya mwaka 1925.

Tofauti hiyo ndiyo siri ya taa ya tyubu. Migongano ing'oayo elektroni huiwezesha gesi kupitisha umeme. Migongano isisimuayo tu ndiyo iletayo mwanga. Urujuanimno hauonekani kwa macho, lakini unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huugeuza kuwa mwanga uonekanao.

Kwa nini choki na stata?

Ndani ya tyubu mna gesi ya agoni na mvuke kidogo wa zebaki, kwa kanieneo ndogo sana, ili elektroni ipate nafasi ya kuongeza kasi kabla ya kugonga. Nyuzi za nchani hupata joto na kutoa elektroni. Stata ikatapo mkondo, choki huzusha volti nyingi kwa kitambo kidogo. Elektroni moja hung'oa nyingine, zikawa mbili. Mbili zikawa nne. Baada ya vizazi kumi ni 1,024. Bila choki kuuzuia, mkondo ungeendelea kukua hata taa ikaharibika.

Jambo hili laonekana jepesi, lakini kulikokotoa si kazi ndogo. Hata kwa haidrojeni, mgongano huacha chembe tatu, kiini na elektroni mbili, zikivutana na kusukumana kwa wakati mmoja. Ni mwaka 1999 tu ambapo Rescigno, Baertschy, Isaacs na McCurdy, huko Marekani, walitangaza ukokotoaji kamili wa mgongano huo, kwa msaada wa kompyuta kubwa.

Mwalimu aweza kuanzia somo hili kwenye taa iliyo darini. Lakini tyubu iliyokufa isivunjwe kwa ajili ya kuchunguzwa: mvuke wa zebaki ni sumu.