Kabla Hujatuma Pesa ya Visa: Mambo ya Kujua Ukiwa Londiani

Bonasi ya majani chai ikiingia Kericho na Bomet, mipango iliyokuwa imelala huamka yote kwa pamoja. Kuna anayemalizia nyumba, kuna anayelipa karo, na siku hizi kuna familia inayosema mwaka huu kijana wetu lazima aende ng'ambo. Kuanzia Londiani hadi Litein utasikia habari ni hiyo hiyo. Na huo ndio msimu ambao nambari ngeni hupiga sana, zikiahidi "visa ya uhakika" ukilipa leo leo.

Visa ya uhakika haiko. Uamuzi ni wa serikali ya nchi unayotaka kuingia, na ada ya ombi hairudishwi hata ukinyimwa. Kwa hivyo pesa ndiyo iwe hatua ya mwisho. Ya kwanza ni kujua unaenda kufanya nini.

Unaenda kufanya nini huko?

Visa hufuata kazi ya safari. Ukienda kumwona dada yako, hiyo ni visa ya kutembelea. Ukienda kusoma, ni ya mwanafunzi, na huwezi kuiomba kabla chuo hakijakukubali. Kwa Marekani, kwa mfano, chuo hukutumia fomu inayoitwa I-20, ndipo unaanza ombi la visa ya F-1. Mtu akikwambia atakutafutia visa ya masomo halafu chuo kitapatikana mbele ya safari, amepanga mambo kinyume.

Kwenda Uganda au Rwanda ni rahisi zaidi, kwa sababu Mkenya anaruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Lakini ukitaka Ulaya, angalia nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, uombe kwa ubalozi wa nchi hiyo. Visa ya Schengen ya muda mfupi inakupa si zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Unatakiwa pia uwe na bima ya safari ya angalau yuro 30,000, na ombi lifike si chini ya siku 15 kabla ya safari. Usingoje hadi wiki ya mwisho. Wanaruhusu uombe hata miezi sita mapema.

Ghuba ndiko watu huchomeka sana. Kijana anapewa visa ya kutembelea Dubai, anaambiwa "kazi utaitafuta ukiwa ndani." Visa hiyo haimruhusu kufanya kazi. Siku zake zikiisha bila kupata kibali, faini ni dirham 50 kwa kila siku anayozidisha, na mwajiri akimdhulumu, ataanzia wapi kulalamika? Kama unaenda kazi, dai mkataba na kibali cha kazi kabla ya kupanda ndege. Ajenti naye awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile NEA. Jina la kampuni yake unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya mamlaka hiyo ukiwa umekaa hapo nyumbani. Asipoonekana kwenye orodha, mazungumzo yaishie hapo, hata kama ni mtu wa kanisa lenu.

Pasipoti haina njia ya mkato

Ombi la pasipoti linafanyika kwa eCitizen, na malipo ya huduma za serikali huko yanapitia Paybill moja tu, 222222. Hakuna afisa wa uhamiaji mwenye Till yake. Ukishalipa unapanga siku ya kupigwa picha na alama za vidole, na kwa mtu wa Londiani, ofisi za Nakuru, Kisumu au Eldoret zinafikika kwa matatu bila kulazimika kwenda Nyayo House. Kama unayo pasipoti tayari, ifungue uangalie tarehe. Nchi nyingi zinataka iwe na miezi sita mbele.

Ile pesa ya harambee

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo wateja wetu wengi hukwama na hakuna anayewaeleza.

Ubalozi unataka kuona kwamba unaweza kugharamia safari. Unapeleka stetimenti ya benki, mara nyingi ya miezi kadhaa. Sasa fikiria stetimenti ya mkulima: mwaka mzima kuna shilingi elfu chache za kila mwezi, halafu wiki mbili kabla ya ombi panaingia laki nne kwa mpigo. Wewe unajua hiyo ni bonasi pamoja na mchango wa ukoo. Afisa aliyekaa Nairobi hajui. Anachoona ni pesa iliyokopwa ili kumwonyesha yeye, na mara nyingi hiyo inatosha kukunyima.

Dawa yake ni karatasi. Bonasi ina risiti ya kiwanda yenye nambari yako ya mkulima na kilo ulizopeleka, kwa hivyo iambatanishe. Ng'ombe akiuzwa, andikianeni. Mkopo wa Sacco una barua yake. Mchango wa harambee usipitie simu ya mjomba halafu ya katibu halafu ya shangazi. Fungueni akaunti au Paybill ya benki moja, pesa yote iingie hapo na majina yaonekane. Akaunti ya simu ya kawaida haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000, kwa hivyo mchango mkubwa utakwama katikati ya sherehe mkitegemea laini ya mtu mmoja.

Halafu ianze mapema. Uingereza, kwa mwanafunzi anayetakiwa kuonyesha fedha, inataka pesa iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Harambee ya Jumamosi haiwezi kutumika kwa ombi la Jumatatu.

Stetimenti ya simu nayo inasaidia, hasa kama biashara yako yote iko huko. Iombe kwa njia rasmi, ije kama faili la PDF. Picha za skrini usizipeleke. Faili likija na nywila, litoe nywila au lichapishe kabla ya kuliambatanisha. Lakini lipeleke pamoja na la benki, lisiende peke yake.

Pesa ifike kwa anayedai

Watu wa upande huu hawajasahau yaliyotokea kwa majirani zetu wa Uasin Gishu. Wazazi walilipa kwa mpango wa kupeleka vijana Finland na Canada, pesa zikapitia akaunti ya katikati badala ya kwenda moja kwa moja kwa vyuo. Mwaka 2023 wazazi hao walikuwa barabarani Eldoret wakidai haki, Seneti ikachunguza, na kesi ikafika mahakamani. Wengine walikuwa wameuza shamba.

Kwa hivyo karo ilipwe kwa akaunti ya chuo, kwa jina la chuo. Ada ya visa ilipwe kupitia tovuti ya serikali husika au kituo kilichotajwa humo. Tovuti ya Marekani inaishia na .gov, ya Uingereza .gov.uk, ya Kenya .go.ke. Ada ya visa ya kutembelea Marekani ni dola 185, karibu shilingi 24,000. Mtu akikudai 90,000 kwa ajili hiyo hiyo, muulize hizo nyingine ni za nini, akuandikie.

Tovuti nyingi hudai kadi. Ukiwa huna ya benki, kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yako ya simu hufanya kazi. (Na ndiyo, kuwa na kadi ya Visa si kuwa na visa. Tumeulizwa.) Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likija jina la mtu binafsi mahali ulipotarajia ubalozi, ghairi. Kama umeshatuma, omba muamala urudishwe dakika hiyo hiyo, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala hatuwezi kuirudisha sisi wenyewe. Kisha piga ripoti polisi ukiwa na ujumbe wa muamala. Usiufute hata kama unakuumiza kuuona.

Na ukinyimwa visa, soma sababu walizoandika kabla ya kulipa tena. Tatizo likiwa ni ile laki nne isiyoeleweka, ada ya pili haitalitatua. Risiti ya kiwanda inaweza.