Dola 168 za uso usio na makunyanzi

Dola 168 kwa mwezi. Huo ndio wastani wa gharama ya vipodozi vya uso kwenye video 100 za TikTok za watoto na vijana wa miaka 7 hadi 18, kwa mujibu wa utafiti wa Northwestern University, Chicago, uliotoka mwaka 2025. Kwa kawaida ni bidhaa sita. Wapo waliovuka dola 500.

Kwa mwaka ni dola 2,016. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009. Mzazi anayelipwa hivyo atafanya kazi saa 23 na ushei ili binti yake apake uso mwezi mmoja. (Baadhi ya wanaojirekodi hupewa bidhaa bure na kampuni. Mtoto anayewatazama hapewi.)

Na ananunua nini? Video zilizotazamwa zaidi zilikuwa na wastani wa viambato 11 vinavyoweza kuwasha ngozi, zikiwemo asidi za kuondoa ngozi iliyokufa. Asidi ileile hujificha kwenye kopo la pili na la tatu, mtoto akajirundikia bila kujua. Matokeo yake ni wekundu, kuwashwa, pengine mzio wa kudumu. Asidi hizo humwacha akiungua jua upesi, ila krimu ya kukinga jua ilipakwa katika asilimia 26 tu ya video za mchana. Kitu ambacho ngozi changa inakihitaji kweli ndicho kilichosahaulika mara nyingi!

Chapa moja wanayoipenda watoto hao ni Drunk Elephant, iliyonunuliwa na kampuni ya vipodozi ya Shiseido mwaka 2019 kwa dola milioni 845. Krimu yake ya Protini, mililita 50, ni karibu dola 70. Bonyeza juu, krimu inachomoza. Kampuni yenyewe huwahimiza wateja kuchanganya hii na ile kiganjani. Mama anaona dawa ya makunyanzi, mwanawe anaona mchezo wa kupikapika. Lakini wateja wa umri huo hawakawii kuhama: robo ya kwanza ya 2025, mauzo yalishuka asilimia 65.

Huko Sweden, maduka ya dawa ya Apotek Hjärtat yaliweka kikomo mwaka 2024: bidhaa kali haziuzwi kwa aliye chini ya miaka 15, isipokuwa awe na tatizo la ngozi au ruhusa ya mzazi. Yaani yuleyule anayelipa.