Ukikutana na Staa Wako Ugenini, Usijiaibishe!

Hebu vuta picha, mpenzi msomaji: uko uwanja wa ndege wa Dubai unasubiri ndege ya kurudi Dar, mara staa unayemzimia anakaa kiti cha pili yake. Utafanyaje?

Kazi yangu inanikutanisha na mastaa kila mwezi, na nakwambia: kwanza pumua. Wewe unamjua yeye, yeye hakujui, na ana sababu ya kuogopa. Jioni ya Desemba 8, 1980, pale New York, John Lennon alimsainia albamu shabiki mmoja. Usiku uleule shabiki huyohuyo alimpiga risasi mlangoni kwake akafa. Agosti 31, 1997, Princess Diana alifariki hospitalini Paris baada ya ajali ya gari lililokuwa likifukuzwa na wapiga picha, dereva akiwa amelewa.

Kwa hiyo ukimkuta staa anakula, au yuko na watoto wake, mpishe tu. Akiwa peke yake, msalimie, mwambie kwa sentensi moja kazi yake ilivyokugusa, ndipo uombe picha. Akikataa, sema asante, ondoka. Hajakudharau, kachoka.

Na wewe shosti uliyesafiri na mumeo, usimwache kashika mabegi huku unamning'inia mtu shingoni! Staa atapanda ndege yake na jina lako hatalikumbuka. Mumeo ndiye mtakayerudi naye nyumbani, na hilo atalikumbuka mwaka mzima. Kaka zangu nanyi vilevile: mkeo si mpiga picha wako na mrembo wa Bollywood.