Vilimani Rugerero na Watu Usiowajua

Wafanyakazi wanaokwenda matembezi ya mwisho wa juma huko Rugerero, karibu na Gisenyi, mara nyingi huonana kwa mara ya kwanza garini. Vijana hutangulia mbio. Ndugu aliyezoea kiti cha ofisi huachwa nyuma, naye huona haya kusema amechoka. Ziwa Kivu lenyewe liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo ni kupanda tu. Mwendo na uwe wa yule wa mwisho.

Liko zito kuliko uchovu. Mto Sebeya hupita Rugerero. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ulifurika, na mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Wakati wa masika hesabianeni kila mnapopumzika, kwa majina, maana mgeni akikosekana hakuna anayeshtuka.

Wengine huikwepa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kwa kuwa asubuhi magari mengi husimama. Sisi twaona ndiyo siku bora. Walioshika majembe pamoja na wenyeji tangu saa mbili hadi saa tano huwa wamekwisha kujuana kabla ya kilima cha kwanza.