Ramani Inayohesabu Makaburi

Njia nyepesi ya kuchora ramani ya maafa ya asili Tanzania ni kuchukua orodha ya mikoa, kuhesabu waliokufa na nyumba zilizoanguka, kisha kupaka rangi: nyekundu kwa walioumia, kijani kwa waliosalimika. Ramani hiyo hupendeza ukutani mwa ofisi, lakini inapotosha. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua zaidi ya watu 15 mkoani Kagera na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vya jirani. Desemba 13, 1910, upande wa Rukwa, ardhi ilitikisika kwa ukubwa unaokadiriwa kuwa 7.4, na nishati iliyotoka siku hiyo ilizidi ile ya Kagera zaidi ya mara 150. Ukihesabu makaburi, Kagera itaiva nyekundu na Rukwa itapauka, kwa sababu tu enzi hizo Rukwa ilikuwa na watu wachache. Leo kuna Sumbawanga na Mpanda, kuna shule na maghorofa, na tawi la magharibi la Bonde la Ufa liko palepale.

Ramani ya kweli, basi, huuliza mambo matatu kwa pamoja: asili inaweza kufanya nini mahali hapa, nani na nini viko njiani, na vitahimili kiasi gani. Majibu hayo hayajui mipaka ya mkoa. Manyara ni mfano unaotosha. Kwa miaka mingi mkoa huo umetajwa kwa ukame, mifugo ikifa Simanjiro na Kiteto. Kisha Desemba 2023 mvua kubwa ililegeza miteremko ya Mlima Hanang, tope, mawe na magogo vikafuata mikondo ya maji hadi Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Rangi ipi ingeweza kusema yote mawili? Hata ndani ya Katesh kwenyewe, aliyejenga kando ya mkondo na aliyejenga juu kidogo hawakuwa na hatari sawa, ingawa kata ni moja.

Wapo watakaosema kwamba bajeti, magari ya uokoaji na kamati za maafa hupangwa kwa mikoa na wilaya, kwa hiyo ramani ya kitongoji ni anasa ya wataalamu. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa kugawa mahema na chakula. Kwa upande wa kuzuia vifo haina. Afisa ardhi haidhinishi mkoa, anaidhinisha kiwanja. Wala gharama si kisingizio kikubwa tena: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa ya Dar es Salaam kuchora mifereji, njia na nyumba za kata zinazofurika, wakiuliza wenyeji maji hufika wapi. Mzee wa mtaa anayeonyesha alama ya maji ukutani ana takwimu ambayo setilaiti haina.

Pingamizi gumu zaidi ni la wenye viwanja: chora eneo jekundu, na bei inaporomoka, benki zinakimbia, maskini anabaki na nyumba isiyouzika. Ni kweli, na sioni namna ya kuliepuka kabisa. Lakini kuficha ramani hakuondoi hasara, kunaihamisha tu kwa mnunuzi asiyejua. Isitoshe, watu wa mabondeni wengi wanajua hatari yao vizuri. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika wa Bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, na baadhi yao wakarudi, maana riziki ilikuwa Kariakoo. Umbali wa nyumba na kibarua, na nauli ya kila siku, navyo vinastahili kuwekwa kwenye ramani hiyo, kando ya kina cha maji.