PANDE LA DHAHABU: JUA LILIKOTOKA, UJUE BEI YAKE

Mara nyingi dhahabu hupatikana ikiwa chembechembe ndogo kama unga. Mchimbaji husaga mawe, huosha mchanga, na mwisho hupata kidogo tu. Lakini mara moja moja hutokea mtu akaokota pande zima, la ukubwa wa punje ya mahindi au hata harage. Hilo ndilo pande la asili. Halikuyeyushwa na mtu. Limetoka ardhini kama lilivyo.

Siku hiyo mchimbaji hufurahi sana. Na siku hiyo hiyo ndiyo wengi hupunjwa. Anakuja mnunuzi usiku na kijimizani chake mfukoni. Anasema, "Ndugu yangu, dhahabu ya huku kwenu ni hafifu, nitakupa hivi tu." Mwenye mali hajui kama maneno hayo ni kweli au uongo. Anapokea fedha, kesho anajuta.

Je, ni kweli kwamba mahali dhahabu inapotoka hubadili bei yake? Ndiyo, ni kweli. Lakini siyo kwa namna anayosema yule mnunuzi. Hebu tufuatane hatua kwa hatua.

DHAHABU YA ARDHINI IMECHANGANYIKA

Dhahabu inayotoka ardhini karibu kila mara imechanganyika na madini mengine. Hasa imechanganyika na madini ya fedha, yaani yale meupe yanayotengenezewa bangili na mikufu. Pengine huwa na shaba kidogo pia. Fedha ikizidi, pande huwa na rangi ya njano iliyopauka. Shaba ikizidi, huelekea wekundu.

Mchanganyiko huo hutegemea mwamba. Zamani sana, maji ya moto sana yalipita katika nyufa za miamba chini ya ardhi, yamebeba dhahabu na madini mengine. Yalipopoa, dhahabu ikabaki ndani ya nyufa hizo, mara nyingi pamoja na jiwe jeupe gumu ambalo wachimbaji wanalifahamu vizuri. Maji ya mahali fulani yalikuwa na fedha nyingi, ya mahali pengine yalikuwa na fedha kidogo. Ndiyo maana dhahabu ya machimbo mawili yaliyo jirani inaweza kutofautiana.

Duniani mfano ni huu. Mapande ya jimbo la Victoria, nchini Australia, yanasifika kwa usafi. Mengi yana dhahabu zaidi ya sehemu 95 katika kila 100. Dhahabu ya mito ya California, Marekani, kwa wastani ilikuwa kama sehemu 88 katika 100. Zote ni dhahabu, lakini gramu moja ya huku si sawa na gramu moja ya kule.

MAJI NAYO YANA KAZI YAKE

Mwamba ukichakaa kwa mvua na jua, mapande hutoka na kuingia mabondeni na mitoni. Huko hugongana na mawe. Pande lililotembea mbali huwa na kingo laini, za mviringo. Pande lililobaki karibu na mwamba wake huwa na pembe kali, na pengine bado limeshika jiwe jeupe.

Maji pia huondoa fedha polepole kutoka kwenye ngozi ya pande. Kwa hiyo juu linaweza kuwa safi kuliko ndani. Hili ni jambo la kukumbuka. Mtu akikwaruza juu tu, au akipima juu tu kwa mashine, anapima ngozi. Ndani hajafika. Kwa pande la asili, kipimo cha juu kinaweza kumdanganya mnunuzi na muuzaji pia.

TUFANYE HESABU

Bei ya dhahabu hubadilika kila siku. Ili tuelewe, tuseme gramu moja ya dhahabu safi ni shilingi 200,000. Huu ni mfano tu, siyo bei ya leo.

Una pande la gramu 10. Kama lina sehemu 90 za dhahabu katika kila 100, basi dhahabu safi iliyomo ni gramu 9.

9 × 200,000 = shilingi 1,800,000.

Mwenzako naye ana pande la gramu 10, lakini la mwamba mwingine. Lake lina sehemu 70 katika 100. Dhahabu safi ni gramu 7.

7 × 200,000 = shilingi 1,400,000.

Mizani imesema gramu 10 kwa wote wawili, lakini tofauti ni shilingi 400,000! Hapo ndipo penye siri. Mtu akikwambia dhahabu yako ni "hafifu", usibishane naye kwa maneno. Mwulize: "Ni sehemu ngapi katika mia? Umepima kwa nini?" Asipoweza kujibu, hajapima.

Masonara huhesabu kwa karati. Dhahabu safi kabisa ni karati 24. Karati 18 maana yake ni sehemu 18 katika 24, yaani 75 katika 100.

MAPANDE YANAYOUZWA KWA HISTORIA YAKE

Tukumbuke jambo moja. Dhahabu ikishayeyushwa na kusafishwa kabisa, haina kabila wala kijiji. Ya Geita na ya Australia ni moja. Lakini pande la asili ambalo halijaguswa ni kitu kingine. Wako watu na nyumba za makumbusho wanaonunua mapande kama yalivyo, kwa sababu ya umbo, ukubwa, na mahali yalipotoka. Hao huweza kulipa zaidi ya thamani ya dhahabu iliyomo.

Mwaka 1980, karibu na Kingower huko Victoria, mtu mmoja mwenye chombo cha kutafutia madini alipata pande la kilo 27 na zaidi. Halikuyeyushwa. Liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1 za Marekani, kiasi kilichozidi sana bei ya dhahabu yake, na likawekwa ndani ya jumba la kamari mjini Las Vegas.

Lakini mwaka 1869, katika jimbo hilo hilo, sehemu ya Moliagul, lilipatikana pande kubwa zaidi, la kilo zaidi ya 70. Ilibidi livunjwe vipande ili lipimike kwenye mizani ya benki. Kisha likayeyushwa. Leo watu huona mifano yake tu.

Mfano wa tatu ni wa kushangaza. Tarehe 24 Januari 1848, huko Coloma, California, James Marshall aliona vipande vya njano ndani ya mfereji wa mashine ya kupasulia mbao. Habari ilipoenea, maelfu ya watu walikimbilia huko. Kipande kimoja kidogo sana kilipelekwa Washington mwaka huo huo kuwa ushahidi. Mpaka leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa. Dhahabu yake ni kidogo mno, lakini inajulikana ilikotoka. Thamani yake ipo hapo.

Hata hivyo tusijidanganye. Mapande mengi madogo hununuliwa kwa uzito na usafi tu. Ila pande zuri, lisilopigwa nyundo, lenye maandishi ya mahali na tarehe, linastahili kuulizwa bei mara mbili kabla ya kutiwa motoni. Pande lisilo na maandishi, hata ukisema limetoka Chunya, nani atakuamini?

ASILI YA KISHERIA

Kuna asili nyingine ambayo siku hizi hugusa bei: Je, dhahabu hii imetoka kwenye leseni ya nani?

Katika nchi za Maziwa Makuu, dhahabu imewahi kugharamia vita, hasa mashariki ya Kongo. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria iliyozitaka kampuni zieleze kama madini yao yametoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Tanzania inapakana na Kongo, kwa hiyo nasi tumo. Tangu hapo wanunuzi wakubwa wa dunia huuliza karatasi. Dhahabu isiyo na karatasi hununuliwa na watu wa magendo, na mtu wa magendo hutoa bei ya magendo.

Hapa Tanzania, kuanzia mwaka 2019 Serikali ilifungua masoko ya madini. La Geita lilifunguliwa Machi mwaka huo. Sokoni dhahabu hupimwa uzito na usafi mbele ya ofisa, bei elekezi hutangazwa, na muuzaji hupata stakabadhi. Sheria iliyobadilishwa mwaka 2017 iliweka mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Makato huweza kubadilishwa, kwa hiyo ulizeni ya siku hiyo. Kuuza nje ya utaratibu huo ni kosa, na mali inaweza kutaifishwa.

Wengine husema, "Makato ya nini? Bora nimuuzie jamaa hapa hapa." Rudini kwenye hesabu yetu. Mtu wa usiku akikudanganya usafi kutoka 90 hadi 70, amekukata shilingi 400,000 katika 1,800,000. Hiyo ni zaidi ya asilimia 22!

JIPIMIE MWENYEWE KWA MAJI

Kila kikundi chenye mizani ya gramu kinaweza kufanya hivi:

1. Pima pande likiwa kavu. Andika uzito.

2. Weka kikombe cha maji juu ya mizani. Andika uzito.

3. Funga pande kwa uzi mwembamba. Liningʼinize ndani ya maji, lizame lote, lakini lisiguse chini wala pembeni.

4. Soma mizani. Uzito umeongezeka kiasi gani? Andika.

5. Gawanya uzito mkavu kwa ongezeko hilo.

Mfano: pande kavu ni gramu 34. Lilipozama, mizani iliongezeka gramu 2. Basi 34 ÷ 2 = 17.

Dhahabu safi hutoa 19.3. Fedha hutoa 10.5. Kwa hiyo 17 ni dalili nzuri, kiasi cha sehemu 84 katika 100 kama imechanganyika na fedha tu. Ukipata kama 8, huenda umeuziwa shaba ya njano. Ukipata 5, ni yale madini ya chuma na kiberiti yanayongʼaa bure. Pande lenye jiwe jeupe ndani litatoa namba ndogo, kwa sababu jiwe ni jepesi. Pande dogo sana linahitaji mizani kali zaidi.

MAMBO YA KUSHIKA

- Usipige pande nyundo. Usilichome wala kulitia zebaki. Zebaki ni sumu, na pande halihitaji.
- Lioshe kwa maji matupu.
- Andika tarehe, mahali, namba ya leseni, uzito na jina la aliyeliokota. Piga picha ukiweza.
- Lipeleke sokoni mchana, pamoja na mwenzako.
- Usikubali kusema limetoka mahali pengine ili lipate sifa. Huo ni uongo, na karatasi zitakuumbua.

Ndugu wasomaji, kalamu na daftari havichimbi dhahabu. Lakini ndivyo vinavyoilinda isipotee njiani. Mali bila daftari, huisha bila habari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mapande mawili ya uzito mmoja huweza kuwa na bei mbili?

2. Pande la gramu 20 lina sehemu 85 katika 100. Dhahabu safi ni gramu ngapi?

3. Kikundi chenu kina daftari la dhahabu? Kama hakina, nani atalianzisha?