Je, Wajua? Alfajiri ya Dar Haisubiri
Mpiga picha anayedamkia Coco Beach, Kinondoni, ana dakika 21 hivi tu tangu jua likiwa nyuzi 6 chini ya upeo hadi lichomoze. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, ndiyo maana jua hupanda karibu wima kutoka baharini. London mwezi Juni hupanda kwa mshazari, na kipindi hichohicho huzidi dakika 40. Wa huko wana muda wa kunywa chai kwanza.

Ile buluu iliyokolea ya anga kabla ya jua kuchomoza haitokani na hewa kutawanya mwanga pekee. Miale hupita safari ndefu ndani ya tabaka la ozoni, linalofyonza sehemu ya wekundu na rangi ya chungwa. Kwa mwanga hafifu hivyo, kamera huhitaji stendi ya miguu mitatu, ingawa ngalawa inayoyumba itatoka na ukungu tu.

Wengi hutazama baharini. Geuka magharibi, juu ya mapaa: mbingu ikiwa safi, utepe wa buluu-kijivu ulio chini ya waridi ni kivuli cha Dunia yenyewe.